Picha ya Maji Katikati ya Harusi

Enzi zetu, mama hakuuliza umetoka wapi. Alikushika mkono, akaukwaruza kwa ukucha, akautazama. Ukitokea mstari mweupe kama wa chaki, basi umeogelea, na maelezo yako umpelekee mwingine. Ninyi mliokulia upande wetu wa Roret miaka ya tisini mnajua ninachosema. Sisi tulipata dawa yake: kujipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe kabla ya kurudi nyumbani. Mama akanusa, akauliza, "Na leo umekamua ng'ombe gani?" Mama yangu alishuku hata kuku wakinyamaza.

Tangu mtoto wa jirani azame kwenye bwawa, alikuwa ameniapia: "Nikupate kwa maji, siku hiyo utanitambua." Nilimwogopa kweli. Lakini chini ya shamba letu la majani chai kulikuwa na kidimbwi cha chemchemi, na mwezi wa kwanza, mvua ikikatika, maji yake yalikuwa safi hata changarawe unazihesabu. Mimi na binamu yangu Chepkoech tulikata mabua ya majani ya malenge, yale yenye tundu katikati, tukayatia mdomoni, tukabana pua na kuzamisha uso. Bua liliwasha midomo, lakini nani alijali? Jamani, raha! Kelele zote zilikatika, hata za mama akituita tukachume majani. Unasikia moyo wako tu. Kaa anapita upande upande kama mlevi aliyekutana na mchungaji. Jua linashuka vipande vipande mpaka kwenye mawe.

Desemba ya mwaka mmoja dada yangu Chebet aliolewa kanisani, na mjomba ndiye aliyepiga picha. Filamu ilibaki na nafasi tatu, na zamani hizo hakuna aliyetoa filamu kabla haijaisha, kwa hiyo kamera ikaachwa kwenye kabati la mama, imefungwa kwa kitambaa kando ya kofia yake ya kanisa. Chepkoech ndiye aliyeleta wazo. Tuliiba kamera, tukaitia ndani ya chupa kubwa ya kioo ya peremende, naye akaikandamiza majini huku mdomo wa chupa ukibaki juu. Nikazama na bua langu, nikatoa macho, nikacheka. Akaingiza mkono chupani, akabonyeza. Kamera ikarudi kabatini kavu kabisa, nasi tukajipaka mafuta. Ukucha haukuona kitu. Wala hatukukumbuka kwamba filamu ikioshwa, picha zote hutoka pamoja.

Mjomba alimalizia filamu, akaipeleka kuoshwa, akaleta picha kutoka Kericho Jumapili moja, wakwe wakiwa sebuleni wanakunywa chai. Kwa heshima, bahasha ikapewa mama mkwe wa Chebet kwanza. Keki, akatabasamu. Mchungaji, akatabasamu. Kisha akaweka kikombe chini.

"Huyu ni nani? Amekufa?"

Picha ikazunguka. Uso umevimba, nywele zinaelea, mdomoni kitu kama nyoka. Bibi yangu akasema, "Shindwe!" Mama mkwe akamtazama Chebet kutoka kichwa mpaka viatu. "Arusi ilikuwa ya kanisa. Sasa hii kitu ya maji imeingia kwa picha namna gani? Kuna kitu mlituficha?"

Chebet akaanza kulia. Chepkoech akatazama dari. Nikaona ndoa ya dada yangu inavunjika kwa ajili ya bua la malenge.

"Ni mimi," nikasema.

Mama akasema neno moja tu: "Mkono." Akanikwaruza mbele ya wageni wote, wiki mbili baada ya kosa. Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, mpaka akaomba chai nyingine.

Wageni walipoondoka niliitwa jikoni. Nilijua fimbo iko wapi, nikaitazama. Mama alikuwa anaosha vikombe. Akauliza bila kugeuka, "Kule chini kuna nini?" Nilidhani ni mtego. Lakini nikamweleza kaa, jua, na moyo. Alifuta kikombe kimoja muda wote huo. "Usirudi," akasema, kisha akaibandika picha kwenye albamu ya harusi, kati ya keki na mchungaji. Ipo hadi leo.

Mwaka jana binti yangu alienda Pwani, akakodi miwani ya mbizi na mrija wa plastiki, akanitumia picha mpaka simu ikakwama. Samaki wa rangi zote. Nilizishuku, maana siku hizi simu hupaka rangi hata samaki. Aliporudi nilimshika mkono, nikamkwaruza.

"Mum, unafanya nini?"

"Kule chini kuna nini?"

"Si nilikutumia picha?" akasema, akaendelea na simu yake.

Nikauachilia mkono wake. Mama yangu, aliyeshuku kila kitu, picha alikuwa ameshaiona, na bado alitaka nimsimulie.