Choo cha Paka na Mchanga wa Mama

Kabla hujaniita mwongo, njoo kwanza Kawajense nikuoneshe mchanga wenyewe. Uko kwenye viroba chini ya kitanda changu, na ukiinama kuunusa utajua kwamba sitanii. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Majengo, na wanaonifahamu wanajua sina muda wa kutunga hadithi. Pombe sinywi. Homa sikuwa nayo. Na wala usinitajie habari za giza, kwa sababu ilikuwa Jumapili, saa sita mchana, jua linawaka, na mimi nilikuwa nimepiga magoti mlangoni nikisugua choo cha paka.

Ndiyo, choo cha paka. Cheka umalize, halafu tuendelee.

Paka nilimchukua kwa sababu ya panya. Nilikuwa narudi na nguo za wateja nyumbani kuzimalizia, na panya wa nyumba ile hawakuwa na adabu hata kidogo. Walinitobolea suruali ya bwana harusi gotini, siku mbili kabla ya harusi. Nikatafuta paka jike, na wapangaji wenzangu, kwa kuwa sina mke, wakampa jina la Shemeji. Kila asubuhi wananiuliza Shemeji ameamkaje, na mimi najibu ameamka salama. Shida ilikuwa mama mwenye nyumba, ambaye anafuga kuku. Huyo hakuzungusha maneno.

"Nikimkuta huyo paka wako kwenye vifaranga vyangu, namtia kwenye kiroba naenda kumtupa," aliniambia. "Nyie wapangaji mnanijua."

Basi Shemeji akawa paka wa ndani, na paka wa ndani lazima ajisaidie ndani. Nikakata dumu la lita ishirini ubavuni, nikalilaza, likawa kama karai refu. Nikachukua upawa mkuukuu nikautoboa matundu kwa msumari, ukawa wa kuzolea. Paka ana maringo, nikuambie mapema. Usipozoa asubuhi na jioni, atalisusa dumu na kuhamia kwenye nguo za watu. Kwa hiyo nilizoa asubuhi na jioni bila kukosa. Kilichozolewa nilikifunga kwenye mabaki ya vitambaa, nikapiga fundo, nikatupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, ambalo mama mwenye nyumba hulichoma moto kila Jumamosi. Chumba changu hakikunuka, na nilijisifu kwa hilo mbele za watu.

Sasa niulize mchanga niliutoa wapi.

Mama yangu mzazi alifariki kule Sibwesa, wiki chache kabla ya mvua kuanza. Tumezaliwa wawili tu, mimi na dada yangu. Tulikubaliana msalaba wa zege umwagwe hapa mjini, kwa sababu kijijini hakuna fundi wa kazi hiyo, ila mchanga utoke kwenye kijito ambacho mama alichota maji maisha yake yote. Dada aliuchota mwenyewe. Akauchekecha kwa mikono yake mpaka ukawa laini kama unga, akajaza viroba vitatu, akanitumia kwa lori la mpunga. Mimi kazi yangu ilikuwa moja, kuvifikisha kwa fundi. Nikavisukuma chini ya kitanda. Wiki hii nina sare za shule, wiki ijayo nina nguo za kipaimara, unajua mambo yanavyokuwa.

Siku Shemeji alipoletwa mvua ilikuwa inamwagika na nje ni tope tupu. Nikafungua kiroba, nikachota bakuli moja. Nikasema nitarudishia. Niamini, nilisema kwa moyo mweupe kabisa. Baada ya siku chache nikachota jingine, nikasema vilevile. Dada akipiga simu kuuliza msalaba, najibu, "Fundi ana foleni, dada, vumilia." Kiroba cha kwanza kikaisha. Cha pili kikaisha. Kufikia Jumapili ile cha tatu kilikuwa chini ya nusu, mvua za mwaka wa pili zilikuwa zinakaribia, na kaburi la mama lilikuwa bado tuta la udongo lisilo na alama. Tuta kama lile haliwezi kuhimili masika mawili. Linasawazika, nyasi zinaota, na mama yako anakuwa hajulikani alipo. Hilo nilikuwa nalijua, na bado nilichota.

Wapangaji wote walikuwa kanisani. Nilikuwa nimemwaga mchanga wa zamani, nimesugua dumu kwa sabuni na maji ya moto, na kiroba cha tatu kiko wazi pembeni yangu. Nikasikia hodi. Nilipoinua macho nikaona mama mmoja mrefu, wa makamo, amevaa gauni la zambarau, sare ya akina mama wa kanisa. Hakuwa na viatu. Nikafikiri ametoka ibadani.

"Karibu, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. Akasema, "Mimi ni jirani ya mama yako, kule Sibwesa. Tumepakana."

Moja kwa moja nikajua ni kesi ya shamba. Shamba la mama limepakana na watu wanne, na wengine siwajui kwa sura maana nimekaa sana mjini. Nikamjibu kwa adabu kwamba mama yetu ni marehemu, na mambo ya mipaka anayo dada.

"Najua kama alifariki," akasema. Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani yake, sawasawa na cha mama. "Mimi nimekuja juu ya uchafu, mwana wanje, mwanangu. Uchafu wenu unamwagwa kwake, na mvua ikinyesha unashuka unakuja kwangu."

Nikadhani choo cha dada kimejaa. "Nitampigia dada leo hii, akifukie."

"Si dada yako. Ni wewe." Akatazama dumu, kisha kiroba. "Mchanga huu naujua. Na mimi nilichota maji pale."

Aibu iliyonipata siwezi kuieleza. Nilitaka kumwambia nitarudishia, lile neno langu la kila siku, nikajikuta nakisukuma kiroba nyuma yangu.

"Mama yako hasemi," akaendelea, taratibu, bila hasira. "Unamjua vile alivyo. Asubuhi unamtupia, jioni unamtupia, anafunika uso, hasemi. Nikaona nije mimi."

Alisema alivyo, hakusema alivyokuwa. Nililisikia neno hilo na nikaliacha lipite. Kwa nini sikuuliza? Sijui. Wakati huohuo Shemeji alitoka chini ya cherehani, akaenda mpaka miguuni pa yule mama, akaanza kuparua sakafu. Anaparua na kuvuta, anaparua na kuvuta, kama afanyavyo akishajisaidia. Alikuwa anamfukia.

Yule mama akageuka aondoke, na hapo nikaona mgongo wake. Gauni lilikuwa limepasuliwa kutoka shingoni mpaka kwenye pindo, kingo mbili zimechomekwa tu ubavuni. Mazoea ya ufundi ni kitu kibaya. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika sindano niliyoichomeka kwenye shati kifuani, nikasema, "Mama, ngoja nikushonee hapo nyuma, umechanika."

Akajibu bila kugeuka. "Haikuchanika. Ndivyo nilivyovalishwa."

Fundi nguo yeyote atakuambia ni nguo za nani zinapasuliwa mgongoni. Mwili ukishakakamaa mikono haipiti, kwa hiyo nguo inachanwa nyuma na kuvalishwa kwa mbele. Gauni alilozikwa nalo mama yangu nililichana mimi, kwa mkasi wangu huu ninaoutumia mpaka leo. Niliinuka nikamfuata, na nilipofika nje njia ilikuwa nyeupe, hakuna mtu.

Kesho yake nikapanda gari la kwanza kwenda Sibwesa. Dada alinipokea kwa furaha, akidhani nimeleta habari za msalaba. Sikumwambia kitu. Nikamwomba tu twende kaburini. Njiani akasema kuna paka pori anasumbua pale, miezi sasa, kila akienda kufagia anakuta harufu lakini uchafu wenyewe haoni. Juzi Jumamosi alifagia, palikuwa safi kabisa.

Tulipofika hapakuwa safi.

Tuta lote la mama lilikuwa limefunikwa kwa vifurushi vidogo vya vitambaa. Kichwani, kifuani, miguuni, vimerundikana mpaka vinaporomoka. Niliona kipande cha sare ya shule, niliona bitana ya koti nililoshona Pasaka, niliona vipande vya suruali ile ya bwana harusi iliyotobolewa na panya, maana nilimshonea nyingine. Kila fundo lilikuwa langu, ncha moja ndefu na moja fupi. Vile vitu vilikuwa vimechomwa moto nyuma ya nyumba kila Jumamosi, mimi mwenyewe nimeona majivu, na pale havikuwa na hata alama ya moshi. Harufu ilitufanya tuzibe pua. Mama yangu alikuwa mtu wa kufagia uwanja mara mbili kwa siku. Nililia kama mtoto, sioni haya kusema.

Dada alifungua kifurushi kimoja. Akauchukua ule mchanga katikati ya vidole, akausugua, na nikaona uso wake unavyobadilika.

"Huu mchanga niliuchekecha mimi," akasema.

Nilipomaliza kumweleza, nikamuuliza juu ya mama mrefu mwenye sare ya zambarau. Alinyoosha mkono kwenye kaburi la jirani, hatua moja tu, chini kidogo kwenye mteremko. Limesakafiwa vizuri, lina msalaba. Huyo alitangulia wiki mbili kabla ya mama, na walimzika na sare yake. Kwenye ukingo wa sakafu yake, upande wa mama, palikuwa na michirizi ya uchafu iliyokauka, na palikuwa na alama za vidole vya mtu aliyekuwa akiifuta.

Nilikusanya vifurushi mpaka jua likazama. Nilitaka kuchota mchanga mpya palepale kijitoni, nimtafute fundi wiki ileile, yaishe. Dada akakataa. Alisema mchanga wa mama ni uleule, na msalaba hautamwagwa mpaka niulete ukiwa safi na yeye aunuse kwa pua yake. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Simu zangu hapokei.

Kwa hiyo nilifungua vifurushi vyote, nikaurudisha mchanga kwenye viroba nikaja nao mjini, na ninauosha. Kila alfajiri bakuli moja, kwa maji saba, nane, mpaka maji yanatoka meupe. Nauanika juani, na ukiwa na unyevu haunuki kitu. Ukikauka tu, harufu inarudi mbichi, kana kwamba paka ameondoka sasa hivi. Nimejaribu limau, nimejaribu majivu, nimeukaanga kwenye sufuria. Mvua za pili zilikuja na zimekwisha. Watu wanaotoka Sibwesa wananiambia pale kwa jirani msalaba unaonekana, ila upande wa juu ni nyasi.

Shemeji bado ninaye, siku hizi namwekea pumba za mpunga kutoka mashineni. Ukifuga paka ndani, fanya hivyo, na uzoe mara mbili kwa siku. Lakini kabla hujachota chochote kilicho chini ya kitanda chako, ukumbuke uliletewa kwa kazi gani. Usijiambie utarudishia. Jirani hajaja tena, na mama bado hajasema neno, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Na akija mtu mlangoni kwako akakuambia amepakana na mama yako, usikimbilie habari za shamba. Muulize wamepakana wapi.