Vilimi kumi na vinne vya roboti ya Bibi Nagamine

Betri mbili zimevuja ndani ya roboti ya bati, na roboti hiyo inatakiwa kutembea tarehe kumi na tatu Julai. Leo ni tarehe mbili. Isipotembea, Bibi Nagamine Yasue, mwenye miaka 86, hatakuwa na wa kumtuma mlangoni kumpokea mumewe, aliyefariki miaka ishirini na saba iliyopita.

Saa moja asubuhi, Kuwabara Tetsuji amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana yake mtaa wa Tateishi, mashariki mwa Tokyo. Mbele yake, juu ya gazeti, imelala roboti ya kijivu yenye urefu wa chupa ya bia. Anafungua kijimlango cha mgongoni kwa ukucha. Ndani kuna unga, mweupe pembeni na wa kijani katikati. Anaunusa.

"Umekula springi," anasema. "Umekula shaba yote. Umeshuka mpaka kwenye mota. Na hapa tunapoongea, bado unakula."

Mkewe, Satsuki, anaweka kikombe cha chai mbali na gazeti. Anamtazama mumewe alivyoinama.

"Mimi umewahi kuniangalia hivyo, baba?"

"Wewe hujavuja."

"Subiri kidogo."

Kuwabara ana miaka 63 na ni fundi bati. Anatengeneza mifereji ya mvua, anaziba mapaa, anakunja mabati ya kuzunguka madirisha. Mwezi mzuri humpa yeni laki mbili na elfu arobaini. Mwezi wa mvua nyingi humpa zaidi, ila magoti yake huulipia mwezi huo. Kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa akikusanya roboti za bati zilizotengenezwa Japani kabla hajafikisha miaka kumi. Anazo 118, kwenye rafu alizozijenga mwenyewe kwa vipande vya mifereji.

Kuna watu matajiri wanaokusanya roboti hizo, na wanazo nyingi kuliko yeye. Tofauti ni kwamba Kuwabara hanunui kwenye mnada. Hununua kwa mtu aliyeichezea tu, na kabla ya kutaja bei hutaka kumbukumbu. Mtu hukaa kwenye kigoda, akaeleza. Kuwabara huandika kwenye kipande cha karatasi na kukifunga kwa uzi kwenye mguu wa roboti.

Karatasi hizo zinasomeka hivi. "Nilimzika kwenye bustani ya jirani ili azae wengine." "Kila asubuhi nilimpa wali. Mama alidhani ni panya." "Baba alininunulia siku aliyotuacha. Nilimvunja mkono makusudi, na mpaka leo ninao."

Ni bati lililopakwa rangi, hakuna zaidi. Lakini mbele ya rafu hizo watu wa miaka sabini huvua kofia bila kuambiwa.

Kuwabara ana sheria moja. Hafungui roboti. Mwili wa kila moja ni vipande viwili vya bati vilivyoshikanishwa kwa vilimi vidogo. Kilimi hupita kwenye tundu, kisha hukunjwa. Bati hilo huvumilia kukunjwa mara moja, kunyooshwa mara moja, na kukunjwa tena kwa bahati. Baada ya hapo hukatika. "Na hata kisipokatika," anasema, "umefuta mkono wa aliyekikunja. Huo mkono haurudi. Mimi sifungui."

Roboti ya Bibi Nagamine ina vilimi kumi na vinne, na mota iko ndani.

Ilimfikia kwa bahati tu. Tarehe mosi Julai alikwenda kuziba mfereji nyumbani kwa bibi huyo, nyumba ya ghorofa mbili nyuma ya bafu la umma la mtaa. Alipokuwa kwenye ngazi, alimsikia akigombana na mtu chini. Akachungulia dirishani. Bibi alikuwa peke yake, amekaa mbele ya madhabahu ndogo ya kuwakumbuka wafu wa familia, roboti mapajani.

"Tembea, mshenzi wewe," alikuwa akiiambia. "Unataka aje apotee?"

Kuwabara alishuka bila kumaliza mfereji, akaomba aende nayo kuitengeneza.

Julai huko Tokyo ni mwezi wa Obon, siku ambazo waliokufa hurudi nyumbani. Jioni ya tarehe kumi na tatu, watu huwasha moto mdogo wa mabua makavu mlangoni ili marehemu waione njia. Huweka pia tango lililochomekwa vijiti vinne, mfano wa farasi, ili wafike haraka. Tarehe kumi na sita huwasindikiza.

Nagamine Shogo, mume wa bibi huyu, alikuwa mtu mnene na mwenye maneno. Alifanya kazi ya kukata mabati kwenye kiwanda cha midoli cha mtaa huo. Kilipofungwa mwaka 1971, mshahara wa mwisho ulilipwa nusu kwa pesa na nusu kwa bidhaa. Aliuza zote akabakiza roboti moja. Kila alipokunywa aliitembeza kwenye korido, yeye akitambaa nyuma yake.

"Alikuwa na kilo tisini na nne," anasema Bibi Nagamine. "Akaniambia, 'Nikifa usiniletee tango. Litavunjika. Nitumie huyu.' Nikamwambia sawa, tangulia. Basi akatangulia."

Tangu hapo, kila Obon, roboti hiyo husimama mlangoni moto ukiwaka, kisha hutembea peke yake kwenye korido ya mbao mpaka mbele ya madhabahu. Bibi hutia betri tarehe kumi na tatu, huzitoa tarehe kumi na sita. Mwaka jana, tarehe kumi na nne, alianguka jikoni akavunjika nyonga. Alipelekwa hospitali, kisha kwa bintiye Saitama, mkoa wa jirani. Alirudi nyumbani Juni mwaka huu. Betri zilikaa ndani miezi kumi na moja.

"Nyonga nilikumbuka," anasema. "Miwani nilikumbuka. Hata mchele niliokuwa nimeloweka niliukumbuka, nikaagiza umwagwe. Yeye nikamsahau amesimama pale na sumu tumboni."

Kuwabara alianza kwa siki ya mchele na pamba za masikio. Alisafisha siku tatu, kila akitoka kazini. Tarehe tano Bibi Nagamine alikuja karakanani mwenyewe, akitembelea fimbo. Akakaa kwenye kigoda wanachokalia watu wa kumbukumbu.

"Amepona?"

"Nje amepona, bibi. Ndani sijafika."

"Kwa nini?"

"Lazima nifungue."

"Basi fungua."

"Sifungui."

Bibi alimtazama Satsuki. "Huyu mumeo ni fundi au ni mlinzi?"

"Mimi nimeuliza miaka thelathini, mama. Sijajibiwa."

Kuwabara alieleza habari ya vilimi. Alisema kwamba kuna mtu aliyevikunja, nyumbani kwake, miaka sitini iliyopita. Viwanda vilikuwa vikipeleka maboksi ya vipande kwa wanawake wa mtaa asubuhi kwa mkokoteni wa baiskeli, vikiyachukua jioni. Mtu huyo hakuacha jina popote. Alichoacha ni jinsi kilimi kilivyolala.

"Mtu gani?" akauliza bibi.

"Hajulikani. Mwanamke fulani."

Bibi Nagamine alicheka mpaka akashika nyonga.

"Mwanamke fulani! Mwanamke fulani ni mimi, mjinga wewe. Nipe hapa."

Akanyoosha mkono wa kushoto. Kuwabara hakumpa roboti, akampa kipande cha bati jipya alichokikata kilimi palepale. Bibi hakukiangalia. Alikuwa anamtazama Satsuki, akilalamikia bei ya biringanya. Kidole gumba kikapita mara moja. Kilimi kikalala bapa, kimeelekea kushoto kidogo, kama jani lililopigwa na upepo.

Kuwabara alikichukua, akakisogeza kwenye taa. Kisha akaigeuza roboti ya kijivu, akatazama mgongo. Vilimi vyote kumi na vinne vilielekea kushoto.

Akaenda kwenye rafu. Akashusha roboti ya kwanza, akaigeuza. Akashusha ya pili. Ilimchukua saa nzima. Satsuki aliacha kupika. Zilipofika mwisho, roboti kumi na tisa zilikuwa zimesimama sakafuni, zimewapa mgongo, na kwenye migongo yote vilimi vililala upande mmoja.

"Hao wangu," alisema Bibi Nagamine, kama mtu anayeonyesha wajukuu. "Huyo uliyemwacha rafuni siyo. Huyo ni wa Orikasa, jirani yangu. Ona anavyobana. Orikasa alikuwa anakunja bati kama anaua kunguni."

"Kwa nini kushoto, bibi?"

"Mimi ni wa kushoto. Shuleni walinifunga mkono kwa kitambaa mpaka nikajifunza. Kalamu mkono wa kulia, vijiti vya chakula mkono wa kulia. Lakini bati nilikunja nyumbani kwangu. Nani angekuja kunichungulia?"

Roboti mia na hamsini kwa siku, alisema. Yeni mbili kila moja. Alifanya hivyo miaka tisa.

Kuwabara alikaa sakafuni katikati ya roboti zile kumi na tisa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameandika kumbukumbu za waliochezea. Za waliotengeneza hakuwa na hata moja, na mmoja wao alikuwa akiishi mitaa minne kutoka kwake. Kila vuli alikuwa akimsafishia mfereji.

"Nilidhani nina roboti 118 za watoto," anasema. "Kumbe nilikuwa na mikono ya watu wazima. Sikujua pa kuweka macho."

Siku hiyohiyo alifungua. Alinyoosha kila kilimi kwa plaizi iliyofungwa ngozi, akitumia karibu dakika kumi kwa kimoja. Viwili vilikatika. Ndani alikuta mota imekuwa donge la kijani. Haikuwa ya kusafishwa wala ya kusukwa upya. Na mota za aina ile hazitengenezwi tena.

Ilipatikana moja tu yenye umbo lile. Ilikuwa ndani ya roboti namba moja kwenye rafu yake, ya kijivu vilevile, ambayo baba yake alimnunulia siku alipotimiza miaka sita, wakitoka kumzika dada yake mdogo. Karatasi ya mguuni aliiandika mwenyewe: "Baba hakusema kitu. Alinishika mkono huku, roboti huku."

Satsuki alimkuta ameishika.

"Hiyo hapana, baba. Tafuta nyingine."

"Nimetafuta."

"Yule dalali wa Asakusa alitaka kukupa laki nne na elfu kumi. Ulimfukuza."

"Nilimfukuza."

"Na sasa unaipasua bure?"

"Siyo bure. Mtu anakuja."

Satsuki akaleta taa ya pili akamshikia. Roboti hiyo nayo ilikuwa mojawapo ya zile kumi na tisa za vilimi vya kushoto. Bibi Nagamine alipoambiwa, alisema ni kweli aliifunga yeye, hivyo ana haki ya kuruhusu ifunguliwe. Hakuna aliyembishia.

Tarehe kumi na moja mota ilikuwa imeingia na shaba mpya imelehemiwa. Roboti ya bibi ilitakiwa kufungwa. Kuwabara alimpa plaizi. Bibi akaisukuma pembeni. Akaweka roboti mapajani, na safari hii hakuongelea biringanya. Kwa kila kilimi alivuta pumzi. Bati lililokwisha kukunjwa na kunyooshwa huwa gumu, na gumba lake lina baridi yabisi. Alipumzika baada ya cha nne na baada ya cha tisa. Vyote kumi na viwili vililala kushoto. Viwili vilivyokatika Kuwabara alivilehemu, na hakuvificha.

Jioni ya tarehe kumi na tatu moto wa mabua uliwashwa kwenye sahani ya udongo mlangoni kwa Nagamine. Bibi aliweka roboti kwenye korido, akabonyeza swichi. Mota ikanguruma. Roboti haikusogea.

Kuwabara akainama kuishika.

"Usimguse," akasema bibi. "Huwa anafikiri kwanza."

Mguu wa kulia ukainuka. Kisha wa kushoto. Ikaondoka, na ikaondoka kwa kasi, ikipiga mbao ko, ko, ko, macho mekundu yakiwaka. Binti wa bibi, aliyekuja kutoka Saitama, akakunja mikono kifuani. Ikagonga mguu wa madhabahu na kusimama.

"Mbona ana haraka hivi?" akauliza bibi.

"Mota ni ya mwingine, bibi."

"Haya, Shogo," akamwambia marehemu, "mwaka huu itabidi ukimbie."

Kuwabara sasa ana daftari. Bibi Nagamine amempa majina kumi na moja ya wanawake waliokuwa wakifunga roboti mtaani hapo. Saba wamefariki. Mmoja wa waliobaki, Orikasa mwenyewe, ana miaka 91 na yuko kwenye nyumba ya wazee wilaya ya Adachi. Kuwabara anapanga kumfuata mvua zikipungua, na roboti sita mkobani, akamwulize kama ni zake. Anataka kila roboti iwe na karatasi mbili mguuni.

Gharama ya mwendo ule wa korido ni hii. Siku tano za kazi ya mifereji zilipotea. Roboti namba moja imefunguliwa vilimi vyote kumi na vinne, na vitano vimekatika. Haina mota, na haitatembea tena. Dalali wa Asakusa ameiona na kusema sasa atatoa yeni elfu ishirini, kwa ajili ya miguu tu, iwe vipuri. Bibi Nagamine alipasuka ukucha wa gumba la kushoto, na kwa siku sita hakuweza kuinua kikombe cha chai kwa mkono huo.