Mwarobaini wa Mpakani

Mama yangu huonja dawa ya kuku kabla kuku wenyewe hawajainywa. Nimemwona akifanya hivyo tangu utoto wangu, nyumbani kwetu Chilangala. Huchuma majani ya mwarobaini ulio nyuma ya jiko, akayaosha mara mbili, akayaloweka mpaka asubuhi, kisha akachovya kidole na kulamba. Uchungu ukimkunja uso, anaongeza maji. Akitema tu na kuendelea na shughuli zake, kuku wanamiminiwa. Ni kazi ya kila kipupwe na kila mwanzo wa mvua, kabla kideri, ugonjwa unaofagia kuku, hakijaanza kupita nyumba hadi nyumba.

Likizo ya Juni mwaka juzi nilitoka Masasi, ninakofundisha shule ya msingi, nikapanda mlima kwenda nyumbani kumwona mdogo wangu wa kike. Alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama, kama ilivyo kwa uzazi wa kwanza. Mtoto alikuwa na siku tisa, na mama yake alikuwa na njaa ya watu wawili. Chakula chake kilitoka bandani: mayai mawili kila asubuhi, na supu ya kuku kila mama alipoona amefifia. Kuku walikuwa kumi na saba. Niliwahesabu siku niliyofika na kuandika kwenye daftari langu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Naandika nilichokiona, saa, na upepo ulikotoka.

Bomba la kijiji lilikuwa halijatoa maji kwa siku sita. Nepi za mtoto zilikuwa zimejaa beseni zikisubiri, na mama akachukua nusu ndoo ya maji iliyokuwa imebaki ili aoshe majani. Nilimzuia.

"Mwaka huu tuyakaushe, mama. Tuyatwange, tuchanganye na pumba. Nimesoma kwamba hata minyoo inapungua."

"Na utaonjaje?"

"Sina haja ya kuonja. Nitapima kwa kikombe."

Alinitazama, akairudisha ndoo mahali pake. "Haya, mwalimu. Kuku nao wamepata darasa."

Mti wa nyuma ya jiko ulikuwa umebaki na majani ya juu tu, kwa hiyo nilikwenda mpakani, kwenye mwarobaini unaotenganisha shamba letu na mikorosho ya jirani. Matawi yake yalikuwa yameinama mpaka kifuani. Majani yalikuwa na vumbi. Niliyakung'uta, nikajaza kapu, nikayaanika juu ya bati. Siku ya pili niliyatwanga na kuanza kuwalisha kuku, kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Siku tatu za kwanza nilijisifu kimoyomoyo. Siku ya nne kuku walianza kuipekua pumba kwa midomo na kuiacha. Tulikuta yai lenye ganda laini kama ngozi, likabonyea mkononi mwa mama. Siku ya tano, asubuhi, kuku wa madoadoa alikuwa amekufa chini ya ghala.

"Kideri," mama alisema.

Nilitamani kiwe kideri. Kideri hakimlaumu mtu. Lakini sikuona kuku hata mmoja aliyepinda shingo, na nyumba za jirani kuku walikuwa wazima. Nilifungua daftari kutafuta tarehe niliyoanza kuwalisha. Nikaisoma: Nimechuma mti wa mpakani, sikuosha. Mistari mitatu juu yake, kwa mwandiko wangu uleule: Saa kumi na mbili asubuhi, jirani anapuliza mikorosho, upepo unakuja kwetu.

Mashine yake ya kupulizia nilikuwa nimeisikia tangu siku niliyofika. Kila mtu wa huku anajua kwamba Juni ni mwezi wa kupulizia mikorosho salfa, unga wa kuzuia ukungu. Nilikuwa nimeliona vumbi, nimeusikia mlio, nimeviandika vyote viwili, kisha nikachuma.

Nilipoinua macho, mama alikuwa ameshika kuku mwekundu kwa mabawa na kisu kiko mkononi.

"Mwache huyo, mama."

"Mzazi anywe nini? Maji ya nepi?"

"Amekonda."

"Amekonda wapi? Hebu mshike."

Sikumshika. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama na daftari mkononi kama mtu anayesoma mashtaka yake mwenyewe. Mama alimwachia kuku. Mdogo wangu alikuwa amekaa mlangoni, mtoto akinyonya.

"Kaka, mayai ya leo nimekwisha kula."

"Najua."

"Na ya jana. Na ya juzi."

"Najua."

"Basi usinisimamie hivyo, kama unangoja nidondoke."

Tulimpeleka zahanati yeye na mtoto. Muuguzi aliwapima, akasema haoni tatizo, wakitapika au wakilegea warudi haraka. Mimi nikapanda pikipiki mpaka Newala mjini, kuku aliyekufa akiwa ndani ya kiroba, kumtafuta afisa mifugo. Alikuwa mwanamke wa rika langu. Alimgeuza kuku, akamfunua mdomo, akaniuliza mambo kwa mpangilio ambao ningeupenda kama si mimi niliyekuwa naulizwa.

"Majani ulichuma wapi?"

"Mpakani, jirani na mikorosho."

"Juni hii?"

"Juni hii."

"Uliyaosha?"

"Maji hayakuwepo."

Hakucheka. "Huku juu wengi hunijibu hivyo. Jirani alipuliza salfa peke yake, au na dawa ya mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi?"

Sikujua. Sikuwa nimeuliza.

"Sikiliza, mwalimu. Mwarobaini ukizidi unaweza kumdhuru kuku hata ukiwa msafi. Na dawa za mikorosho zina habari nyingine. Kipi kimemuua huyu, kwa macho siwezi kusema. Majani acheni. Mayai fukieni. Nyama msile. Na kideri kina chanjo yake, majani hayachukui nafasi ya chanjo."

"Nyama tusile mpaka lini?"

"Dawa ya dukani ina karatasi. Inasema kiasi gani, na inasema siku ngapi usile nyama wala yai. Jani halina karatasi. Ungekuja nayo ningekusomea."

Niliporudi nilikwenda kwa jirani. Alikuwa anasafisha mashine yake. "Zote mbili nilipuliza, mwalimu," alisema. "Kwani mikorosho yenu haipati mbu?" Jina la hiyo dawa ya mbu hakulikumbuka, na chupa alikuwa ameitupa shimoni na kuichoma.

Jioni ile mama alichana kanga kuukuu na kumfunga kila kuku kitambaa mguuni, wote kumi na sita, alama ya kwamba haliwi. Mke wa jirani alileta kuku wake, supu ikapikwa. Mimi nililala chumba cha pili na kuamka kila mara kusikiliza pumzi za mtoto. "Kaka, ukimwamsha tena," mdogo wangu alisema kutoka gizani, "utamnyonyesha wewe."

Mtoto hakuumwa. Alinenepa, akarudi na mama yake kwa baba yake. Kuku hakufa mwingine. Mimi nilirudi Masasi, na nikawa napiga simu kila siku. Mwezi wa Agosti mama aliniuliza kama awafungue vitambaa. Nilisema nitamwambia. Nilimpigia afisa mifugo.

"Muda umepita mrefu," alisema. "Nadhani hamna shida tena."

"Unadhani?"

"Nadhani."

Sikumwambia mama kitu.

Desemba nilipanda tena nyumbani. Korosho zilikuwa zimekwisha kuokotwa, bomba lilikuwa linatoa maji. Nyuma ya jiko majani ya mwarobaini yalikuwa kwenye beseni, yameoshwa, mama akinilaki kwa mkono uliolowa. Kuku walipita mbele yangu na vitambaa vyao vilivyofifia.

"Leo umekuja mgeni," mama alisema. "Nichinje?"

"Vitambaa hujavitoa?"

"Nani avitoe? Aliyewapa dawa ndiye anayejua imekwisha lini. Sema neno, nimkamate yule mwekundu."

Yule mwekundu alikuwa amenona, anachakura chini ya ghala. Nilimwangalia kwa muda mrefu. Macho yake safi, mabawa yamekaa sawa, kinyesi kizuri. Yote hayo niliyaona na ningeweza kuyaandika.

"Mbaazi zipo?" niliuliza.

"Zipo," alisema mama, akaenda kubandika sufuria.