Mandazi Kwenye Kaunta ya Gereza

Mama yangu aliwahi kusimamisha lango la gereza kwa mandazi. Leo nalisimulia hili kwa fahari, ingawa siku lilipotokea niliona aibu tu, na baada ya aibu, hasira.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mahabusu, yaani alikuwa akisubiri kesi, hajahukumiwa kwa lolote. Palitokea ugomvi kwenye sherehe moja mtaa wa Bankstown, huku ughaibuni tulikohamia, mtu akaumizwa, na yeye alikuwepo. Alikiri kwamba alirusha ngumi. Shtaka la pili, lile zito, alilikana, na wakili akamshauri asubiri kwa kuwa ushahidi ulikuwa mwembamba. Lakini kusubiri ukiwa ndani si sawa na kusubiri kwenye kochi letu Doonside. Kwenye simu alianza kuniambia kwamba atakubali yote, hata asilolifanya, ili tu ajue mwisho uko wapi. Aliyekuwa akimzuia ni mama. Kila Jumamosi alikwenda kumtazama, na kila Jumamosi mdogo wangu aliahidi kuvumilia wiki moja zaidi.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka. Nilisoma sosholojia chuo kikuu, na sasa napanga mizigo kwenye ghala Seven Hills huku nikitafuta kazi ninayodai niliisomea. Elimu hiyo imenipa tabia ambayo kanisani kwetu hawaipendi: nikiambiwa kitu hakiruhusiwi, nauliza nani amesema. Gereza ni mahali pazuri pa mtu wa namna hiyo kuugua. Simu inafungiwa kabatini, kidole kinawekwa kwenye mashine, mbwa anakunusa viatu, kisha mtu wako anatokea amevaa ovaroli nyeupe isiyo na mfuko, zipu iko mgongoni asiweze kuifungua mwenyewe. Niliuliza sababu ya kila kimoja. Mara nyingine nilijibiwa, na baadhi ya majibu, nikubali, yalikuwa na maana.

Mama hakuuliza. Alikulia Kivu, na kule mfungwa hula kinachotoka nyumbani kwao. Asiye na mtu wa kumletea sufuria hukonda mbele ya macho ya watu. Siku ya kwanza alipoambiwa chakula hakiingii, alilia kwenye treni njia nzima. Ilibidi mdogo wangu mwenyewe amhakikishie kwamba wanalishwa, na kwamba ubaya wa chakula cha pale si uchache, ni viazi.

Basi mama akafikiri tena. Kama mtoto hawezi kula cha mkono wake, watakula wanaomlinda.

Jumamosi hiyo nilibaki kituo cha basi nikipokea simu ya kazini, kwa hiyo sehemu hii niliisikia baadaye kutoka kwake. Aliamka mapema, akakaanga mandazi, akayajaza kwenye kopo la aiskrimu na kulifunga kwa kipande cha kitenge. Wakati wa kuingia aliliacha kabatini pamoja na mkoba. Wakati wa kutoka alilichukua, akalipeleka kaunta na kumpa askari kijana kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo. Askari akatikisa kichwa. Kwetu, anayepokea mara ya kwanza ni mlafi. Unakataa, unabembelezwa, unakataa tena, kisha unapokea kwa aibu. Mama akambembeleza. Askari akakataa tena, na mama akaona kijana amelelewa vizuri. Akaliweka kopo juu ya kaunta, akalipigapiga mfuniko, akatoka haraka, jinsi tunavyotoka tukiacha zawadi ili tusikimbizwe nayo barabarani.

Fikiria kaunta ya gereza, kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa, na mwenye nacho anaondoka mbio. Lango likafungwa. Wageni waliokuwa ndani wakazuiwa humo humo, mbwa akaletwa. Mama alikuwa amekaa kando yangu akisubiri basi, ameridhika kuliko nilivyomwona kwa miezi, askari wawili walipokuja kutuita.

Tuliambiwa kwamba ziara zake zimesimamishwa hadi hapo watakapoamua vingine. Makosa yake, walisema, ni kwamba alijaribu kumpa askari zawadi, na alitelekeza kitu mahali pa ulinzi. Niliuliza ni kanuni gani, nani ameamua, na kama yeye mwenyewe alisikilizwa kwa lugha anayoielewa. Askari mkubwa akajibu kwamba ameamua mkuu wa ziara, na kwamba mama ana haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya. Alilisema kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi ya dawa, lakini neno haki nililisikia.

Jumapili, baada ya ibada, habari ilikuwa imefika kabla yetu. Rafiki ya mama, nesi Mkenya mwenye mdomo, alimkumbatia huku akitetemeka kwa kicheko. "Mama, kwetu hiyo tunaita chai," alimwambia, yaani hongo. "Lakini hata kwetu hauwachi chai kaunta ukatoroka." Wengine hawakucheka. Walimshauri anyamaze, aombe Mungu, asilete maneno, maana mtoto bado yuko mikononi mwa wenyewe. Mama alikubaliana nao. Kaka yake aliwahi kulalamika gerezani kule nyumbani, na baada ya hapo akalazwa kwenye chumba chenye maji. Nilimweleza kwamba hapa kuna ofisi isiyo chini ya magereza, ambayo mfungwa anaweza kuiandikia malalamiko na askari haruhusiwi kuifungua barua hiyo.

"Na barua ikishaenda," akaniuliza, "usiku anabaki na nani?"

Nami, kusema kweli, siamini haki kwa sababu tu imebandikwa ukutani. Naamini inaanza kuwepo pale mtu anapoiomba na mwingine analazimika kumjibu. Lakini mwana aliyekuwa ndani ni wake, na hofu ilikuwa yake, kwa hiyo barua sikuiandika.

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyekwenda; mama alizuiwa, nami sikutaka kwenda bila yeye. Jioni mdogo wangu alipiga simu. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba mahakamani baada ya wiki mbili atakubali mashtaka yote mawili, amechoka. Simu ilipokatika mama aliweka mwiko chini. Kisha akazima jiko.

"Uliza," akaniambia.

Niliuliza kwa simu, kisha kwa maandishi, kisha kwa simu tena, hadi wakatupa nafasi kabla ya siku ya mahakama. Kilikuwa chumba kidogo karibu na lango. Mkuu wa ziara alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, na mkalimani alikuwa sauti ya mwanamume Mtanzania kwenye spika ya simu. Nilikuwa nimeandaa hoja zangu vizuri. Mama ni mkimbizi, hakuelewa, hakujua taratibu, hakufafanuliwa. Nilipofika kwenye "hakujua," mama akaniwekea mkono begani.

"Ngoja, mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita akitaka nitulie. Akaigeukia simu. "Papa, uwaambie. Musiandike kama sikujua. Nilijua kile nilikuwa nafanya. Ule askari anakaa na mutoto wangu kila siku, miye ninakaa naye saa moya. Kwetu, mutu anayekaa na mutoto wako unamupa chakula."

Mkalimani alitafsiri bila kupunguza neno. Mkuu akauliza kama alitaka askari wamfanyie kitu kama malipo.

"Ndiyo," mama akasema.

Niliona hoja zangu zote zikianguka sakafuni.

"Nilitaka wakimuita, wamuite kama mutu mwenye mama. Basi. Kanuni ikikataza chakula, nitashika kanuni. Lakini mambo ya kununua mutu, hayo sikufanya, na sitayakubali ili munirudishie mulango."

Mkuu akauliza, kupitia mkalimani, kama siku ile kuna mtu aliyemweleza mama kosa lake kwa Kiswahili kabla ya kumsimamisha. Hakuna. Akasema kwamba hilo lilipaswa kufanyika kwanza. Alifuta uamuzi, akamwonya mama asilete kitu tena hata kiwe kitamu namna gani, na mama akajibu kwamba amesikia. Alipouliza kama kuna aliyeonja, akaambiwa kwamba kopo liliharibiwa pamoja na vilivyomo. Hapo ndipo uso ulipomshuka kwa mara ya kwanza.

Kwenye basi sikushangilia kama nilivyotarajia. Tulipata mkuu aliyekubali kusikiliza, na mama asiyekubali kusemewa. Je, yule anayepelekwa na mtu asiyeuliza? Bado sijui ni akina mama wangapi walioishia kituo kile cha basi. Lakini nilimtazama wangu, ameketi wima na mkoba mtupu mapajani, na nikajua kwamba haki ile niliyoidai mimi ilipata uzito aliposimama yeye ndani yake. Mimi ningeipata kwa kumfanya mjinga.

Jumamosi aliingia mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Mdogo wangu alitokea na ovaroli yake nyeupe, na kabla hajaketi alikuwa tayari anacheka. Alisema siku ile ya mandazi walifungiwa wote vyumbani, hakuna aliyejua kwa nini, hadi askari mmoja akasema ni chakula cha mama fulani.

"Wakauliza mama wa nani," alisema. "Nikawaambia, wangu."

Mama hakutabasamu. Alimuuliza kuhusu mahakama. Akajibu kwamba ameongea na wakili, atakubali ngumi, na hilo jingine atalisubiri.

"Utasubiri?"

"Nitasubiri, Mama."

Hapo mama akaishika mikono ya mwanawe juu ya meza, mahali askari angeweza kuiona.