Mfu Hana Ulimi

Wenzangu mliokunywa uji wa shule kwa kikombe cha bati chenye kutu kwenye mshikio, nyie ndio nawaandikia. Hawa watoto wa siku hizi waache na simu zao. Ukimwambia kijana wa leo kwamba sisi tulikuwa tunasikia utamu wa nyanya mbichi yenye chumvi mpaka masikioni, anakuangalia kama unamuuzia kiwanja hewa.

Mimi nimekulia Kasansa, huko Mpimbwe. Mpunga ukianza kukaza tulikuwa tunatumwa kuamia ndege, tunakaa juu ya kichuguu na kombeo, midomo imekauka, tunapiga kelele mpaka sauti zinakuwa za vyura. Shuleni tulikwenda na kuni, jembe na kidumu cha maji, daftari lilikuja baadaye kama nafasi ipo. Tukitoka tunacheza rede. Chupa inawekwa katikati, mmoja anaijaza mchanga huku wenzake wawili wanamlenga kwa mpira wa soksi. Mimi nilikuwa mtunza pointi, kwa sababu nilikuwa nahesabu kila kitu mara mbili. Tabia hiyo imenijengea duka Mpanda mjini. Marafiki imenipunguzia, lakini duka lipo.

Uwanja wetu wa rede ulikuwa nyuma ya nyumba ya Bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza. Jumapili rozari, Jumatatu gongo. Serikali haikuipenda gongo, kwa hiyo mtambo wake, yaani lile pipa na mrija wake wa shaba uliopita kwenye beseni la maji, ulikaa nyuma ya kihenge cha nafaka. Mgeni akiuliza, Bibi alikuwa anapika dawa ya kikohozi. Ninavyokumbuka, kijiji kizima kilikohoa.

Alikuwa na za aina mbili. Ya mahindi ilikuwa ya kuuza. Ya ulezi ilikuwa ya heshima, na ilitoka kidogo kidogo, kama maneno ya mtu mwenye akili. Sisi watoto hatukuonjeshwa, ila tulizijua zote mbili kwa sababu ya baba mdogo Kaspari, kitinda mimba wa Bibi. Kaspari alikuwa na ulimi ambao sijaona mwingine. Akiweka tone mdomoni, akatema, anakwambia mahindi haya yalivunwa mabichi, au pipa hili halikusuguliwa na majivu. Wapishi wa vijiji vya jirani walimletea vichupa ili awaambie walipokosea, nao walimlipa kuku. Hakuwa na shamba. Ulimi ule ndio ulikuwa shamba lake.

“Ya mahindi,” alikuwa akituambia, “inaingia inacheka. Tamu, nene, inakupapasa shavu. Ya ulezi haicheki. Kavu, inachoma kama pilipili manga, halafu ukishameza inarudi na harufu ya nyasi baada ya moto.” Tulikuwa tunakaa tumemeza mate, tumelewa kwa masikio.

Kila mwaka, mavuno yakishaisha na kabla mvua hazijanukia, Bibi alimmwagia Babu. Kaburi la Babu lilikuwa pale pale uani. Alimwagia saa ya jua la utosi, wakati kivuli kimeingia chini ya nyayo na hata mbwa hawabweki. Alimwaga ya ulezi tu. Udongo ulikuwa unainywa kwa sauti, fyoo, kama mtu aliyetoka safari, nasi tulikuwa tunacheka kwa sababu hatukujua kwamba udongo mwingine haufanyi hivyo. Padri alimuuliza siku moja kuhusu jambo hilo. Bibi akamjibu, “Baba, wewe unamwombea roho. Mimi nakumbuka koo.”

Mahindi hakuyakubali kwenye kaburi. Alisema, “Mahindi ni ya sisi tulio juu. Yamekuja juzi tu. Walio chini hawayajui, ukiwapa watafikiri unawafukuza.”

Basi ukaja mwaka wa ndege wa kwelea kwelea. Walishuka kama moshi, wakala ulezi wote, tukabaki na mabua. Siku ya Babu ilipokaribia Bibi akampa Kaspari kibuyu, akamwambia azunguke Mpimbwe yote mpaka apate ya ulezi. Kaspari akazunguka. Aliyekuwa nayo alikuwa bibi mmoja tu, na alitaka mbuzi. Kaspari akapatana naye mpaka jasho likamkauka, yule bibi hakushuka hata kwato moja. Tulikutana na Kaspari njiani anarudi, mimi na binamu yangu Restituta. Alikuwa amejaza kibuyu ya mahindi.

“Bamdogo, hiyo si ndiyo ya kuuza?” nikamuuliza.

“Kimya we. Mfu hana ulimi. Atajuaje?”

Tukacheka. Mimi nilicheka mara mbili.

Bibi akamwaga. Udongo haukunywa.

Nyie mnajua udongo wa Kasansa kabla ya mvua, una nyufa za kuingiza mkono. Lakini ile gongo ilikaa juu yake kama maji juu ya kitambaa cha plastiki, duara, inatetemeka, na jua likiwa ndani yake. Upepo haukuwepo. Kuku waliokuwa wanaparua pale wakanyanyuka mmoja mmoja wakaenda upande wa pili wa nyumba. Halafu ile duara ikaanza kwenda. Pale uani ni tambarare, nimeenda kupaangalia tena nikiwa mtu mzima, hakuna mteremko. Ikaenda taratibu, haikusambaa, haikuacha alama, ikielekea miguuni kwa Kaspari.

“Kaspari,” Bibi akaita.

“Naam, mama.”

“Hii ni ya nini?”

“Ya ulezi, mama.”

“Sema tena.”

“Ya ulezi.”

Ikamgusa kidole gumba cha mguu, ikapotea. Udongo ulibaki mkavu. Bibi akafunga kibuyu, akasema, “Basi, twendeni tukale.”

Chakula kilikuwa wali na kuku wa mchuzi. Kaspari alikula tonge la kwanza akaomba chumvi. Akala la pili akaomba tena. La tatu akaimimina chumvi yote kwenye sahani, akala, huku anatuangalia mmoja mmoja kama anayetafuta aliyemfanyia mzaha. Nilionja mchuzi ule baadaye, nikatema nje. Yeye aliumaliza.

“Mwanangu,” Bibi akamwambia, polepole, “ulisema mfu hana nini?”

Bibi hakuwepo njiani. Mimi sikumwambia, na Restituta aliapa hakumwambia.

“Nani kakueleza?” Kaspari akauliza. Bibi akaendelea kutafuna.

Tangu mchana ule baba mdogo hajui chumvi, hajui sukari, hajui pilipili. Pua ilibaki, ulimi ukaondoka. Daktari alimmulika tochi akasema ulimi mzima kabisa. Kuku wa wapishi wakaacha kuja. Mwaka uliofuata ulezi ulipatikana, Bibi akamwaga, udongo ukanywa fyoo, Kaspari hakupata kitu. “Mimi sikumdanganya,” Bibi alisema. “Aliyempa uongo ndiye ampe ukweli.” Lakini Kaspari alikuwa mbishi, akasema ni homa tu, akaenda zake kwenye machimbo ya dhahabu. Aliporudi Bibi alikuwa ameshalazwa kando ya Babu, na mtambo umeuzwa kama chuma chakavu.

Sasa ni mzee. Anakaa chumba cha uani kwangu Mpanda. Mwaka huu alianza kukonda, akaniambia neno moja: “Mama, sitaki kingine. Kabla sijafa nataka nionje sukari mara moja.” Ananiita mama kwa kuwa nimepewa jina la Bibi. Na safari hii alikuwa tayari kumwaga kwa mkono wake.

Tatizo, amwage nini? Ulezi umejaa sokoni, wapishi hamna. Gongo ya leo ni sukari, hamira na vitu ambavyo panya anavikwepa. Vijana wanainywa huku wamekunja uso, halafu wanasema imewakubali. Niliuliza huko Kabungu, nikauliza Kasansa kwenyewe. Wote waliojua kupika ya ulezi wako chini, na huko sina mawasiliano.

Ndipo nikaletewa habari za baa moja ndogo Sitalike, pale barabarani karibu na mto wa viboko, inayouzia wageni wa hifadhi. Nikaenda na mzee. Kijana wa kaunta akaweka chupa mbili za Marekani mbele yetu.

“Maza, hizi zote wiski. Hii inaitwa bourbon, sehemu kubwa ni mahindi. Hii nyingine ni ya rai.”

“Rai ndiyo mdudu gani?”

“Nafaka ya kwao kwenye baridi. Ndugu yake ngano. Kali hiyo, siyo ya kitoto.”

Nikalipia toti moja moja, maana duka halinunui kwa macho. Ya mahindi iliingia inacheka, kweli kabisa: sukari guru, vanila ya keki ya harusi, na ubao ulioungua kidogo. Nene, ya kirafiki, inaisha haraka unataka nyingine. Ya rai haikunichekea. Ilikuwa kavu, ikawasha pembeni mwa ulimi kama pilipili manga, na nilipodhani imeondoka ikarudi na kitu cha majani makavu, ikakaa. Kwa bei, ya rai ilizidi kwa jogoo mzima mwenye mkia. Ukiniuliza kama mfanyabiashara, ya mahindi ndiyo ya kuweka dukani, kila mtu ataipenda na itazunguka. Ila ya rai unakunywa kidogo inakutosha, kwa hiyo ule ughali wake una upande wa pili. Mimi hesabu zilikuwa zinanivuta kwenye mahindi. Wiski ni wiski, nikajisemea.

Nikamsogezea mzee glasi anuse, bila kumwambia ipi ni ipi. Alinusa ya kwanza, akarudisha kiti nyuma na miguu akaikunja chini yake, kama mtu aliyeona maji yanamfuata.

“Mahindi,” akasema. “Toa.”

Akanusa ya pili. Akafumba macho. Huko mtoni viboko waliokuwa wanakoroma walinyamaza, na kijana wa kaunta akapunguza redio bila kuambiwa.

“Hii si ulezi,” mzee akasema. “Lakini imefika karibu na nyumbani.”

Nikapatana na yule kijana mpaka akaniuliza kama nina undugu na wakusanya ushuru. Akanipunguzia, si sana.

Kasansa tulifika jua likiwa utosini. Nyumba ya Bibi imebaki msingi, kihenge hakipo, makaburi yapo mawili. Mzee akapiga magoti, chupa ikamzidi uzito, ikabidi niishike pamoja naye.

“Baba,” akasema, “hii si ulezi. Ni nafaka ya wageni, siijui vizuri. Mara ile nilikupa mahindi nikasema ulezi, nikarudia. Leo sikudanganyi.”

Akamwaga. Fyoo.

Sauti ile ile. Nywele zilinisimama mpaka kwenye mikono. Lakini nyie mnanijua sasa. Macho yangu yalikuwa kwenye chupa, na chupa ilipofika nusu, mkono wangu ukaihesabu ile nusu iliyobaki kwa toti, ukaihesabu tena, ukaiinua. Mzee aliniangalia. Fyoo ikakatika katikati, kama mtu aliyenyang'anywa kikombe mdomoni.

Tulikula kwa mama lishe wa barabarani. Mzee aliweka tonge mdomoni akasimamisha taya.

“Chumvi,” akasema.

Mama lishe akamsogezea kikopo. “Imepungua, babu?”

“Hapana. Ipo.”

Akaonja pilipili, machozi yakamtoka, akaonja tena. Akatafuna mboga chungu aliyoiacha mteja wa jirani kwenye sahani yake. Alikuwa kama mtu anayesalimia ndugu waliokuja kituoni kumpokea, mmoja mmoja, kwa majina. Kisha ikaja chai. Akaweka sukari kijiko, akanywa. Akaweka kingine. Akaweka mpaka chai ikawa uji, kijiko kikasimama. Utamu haukuja. Akashusha kikombe.

“Mama,” akaniambia, bila hasira. “Ulinishika mkono.”

Nusu chupa iko dukani kwangu, rafu ya juu. Nimeifunga kwa nguvu na kuweka alama ya kalamu penye usawa wake. Kila asubuhi naikuta iko chini ya alama, si sana, upana wa kucha, na kizibo hakijaguswa. Naangalia mara mbili. Mchumba wa binti yangu, aliyesoma, anasema ni joto la Mpanda. Inawezekana. Chupa nyingine kwenye rafu hiyo hiyo hazisikii joto.

Sisi wa enzi zile tulikuwa na kidumu kimoja, kitabu kimoja kwa watoto wanne, na nyama kwa sikukuu, ila tulijua kilichomo mdomoni kimetoka shamba gani na kinakwenda kwa nani. Hakuna aliyemkaribisha mgeni kwa nusu kikombe. Leo nina rafu tano zimejaa vinywaji vya mataifa, wajukuu wangu wanakunywa soda za rangi zote za upinde wa mvua, ukiwauliza tofauti yake wanakutajia rangi. Na mzee wangu yuko uani anakunywa chai chungu, asubuhi na jioni, anangoja.

Jana alikuja mteja, dereva wa watalii, akaiona ile nusu ya rai. Akataja bei. Ilikuwa bei nzuri, nusu ingenirudishia chupa nzima na nauli ya Kasansa juu yake. Nikaihesabu. Sikuihesabu tena.

“Hiyo imeshanunuliwa,” nikamwambia. “Jumamosi naipeleka.”

“Na nani? Niambie niongeze juu yake.”

“Mzee mmoja wa Kasansa,” nikasema. “Hapatani.”