Jukwaa la Meneja

Katika mtaa wa maseremala kila fundi alikuwa na jina alilobandikwa na wenzake, na la mzee mmoja lilikuwa Msasa. Wenzake walipitisha msasa mara mbili juu ya kiti wakasema kimekwisha. Yeye alipitisha mara sita, akianza na ule wa kukwaruza na kumalizia na ule laini kama shavu la mtoto, kisha vanishi, kisha msasa tena, kisha vanishi ya pili na ya tatu. Mteja akija kuchukua meza yake, Msasa alikuwa na maneno yale yale: "Weka inzi hapo. Akitua tu, chini!" Mteja alicheka, akapitisha kiganja juu ya mbao, na kicheko kikaisha chenyewe, kwa heshima.

Kwa miaka thelathini na nane hakuwahi kutoa kazi ikiwa uchi. Mguu wa meza uliopinda kidogo angeusamehe. Ubao wenye kibanzi hakuusamehe. Mkewe, mshonaji, alikuwa akimtania: "Fundi, wewe ungepewa dunia ungeipiga randa milima yote." Alimwita hivyo, Fundi, hata nyumbani, hata mbele ya wageni, hata siku alizokuwa amemkasirikia.

Kisha asubuhi moja kiharusi kilimkuta mkewe kwenye cherehani, uzi ukiwa bado mdomoni. Upande wa kulia ukalala. Maneno yote yakamtoka, likabaki moja: bado. Ukimuuliza kama amekunywa dawa, bado. Kama ana kiu, bado. Binti yake alipomuuliza kama anamtambua, alilia, akasema bado. Ikabidi watu wamsome macho, na Msasa, aliyeweza kuusoma ubao kabla hajautia msumeno, machoni mwa mkewe aliona maji tu.

Alifanya alichoweza. Mtaalamu wa mazoezi alisema mama ajifunze kutembea kwenye korido, kutoka chumbani hadi sebuleni, akishika kitu ukutani kwa mkono wa kushoto. Msasa akatengeneza reli ya mbao ngumu nyekundu, nene, ya duara, akaipaka vanishi mara nne hadi mtu akaweza kuhesabu meno yake ndani yake. Siku ya kwanza mkewe aliweka mkono juu yake, akautuliza kidogo, akautoa. Siku ya pili vivyo hivyo. Msasa akadhani haijampendeza, akaongeza vanishi ya tano. Baada ya hapo mama hakutaka hata kuigusa. Basi Msasa akawa anambeba asubuhi hadi kwenye kiti cha sebuleni, anambeba jioni kumrudisha, na moyoni akajiambia jambo ambalo hakumwambia mtu: mke wangu amekata tamaa.

Mkabala na kiti hicho palikuwa na tundu la Meneja. Meneja alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na cheo alikipata kwa mwendo wake: shingo nyuma, kifua mbele, hatua za mtu anayekagua wafanyakazi. Alikuwa wa mama. Kila alasiri mama alimfungulia, naye akakaa begani pake huku cherehani ikilia, hata akajifunza mlio wake, trrrr, trrrr, na kunyamaza kidogo pale uzi unapokatwa. Tangu kiharusi hakuna aliyefungua mlango ule. Wiki za mwanzo Meneja alishona peke yake, cherehani ikiwa imefunikwa shuka, na Msasa akiusikia mlio huo kijiko kilimganda hewani. Kisha Meneja akanyamaza. Kisha akaanza kujinyonyoa.

Alianzia kifuani. Unyoya mmoja, akautazama, akauachia. Mwezi ulipokwisha kifua kilikuwa kitupu na chekundu, kama cha kuku aliyetayarishwa kwa sufuria.

Daktari wa wanyama alikuja, akamgeuzageuza, akamrudisha tunduni.

"Mzee, huyu hana ugonjwa wa kuandikiwa dawa. Amechoka na kifungo. Anataka mahali pake nje ya tundu, saa kadhaa kila siku. Mtengenezee pa kusimama, pa kupanda, vitu vya kuguguna. Pawe karibu na watu. Feni izimwe, kioo kifunikwe, madirisha yafungwe. Akiendelea hivi atafika kwenye nyama."

"Kwa hiyo ni kutengeneza tu?"

"Kutengeneza tu."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne Msasa alishusha pumzi. Hatimaye alikuwa ameambiwa kitu anachokijua.

Binti yao, msusi, hakuwa na matumaini hayo. "Baba, unalea wawili wasiosema. Kuna bwana mmoja mfugaji wa ndege, ana banda kubwa, na kasuku wengine wamo. Nimeshaongea naye. Jumapili anakuja na sanduku."

"Jumapili hii?"

"Baba, mtazame kifua!"

Mama, kitini, akapiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto, pa, pa, pa. "Bado, bado, bado."

"Umesikia?" Msasa akasema. "Tupatane hivi. Akitoka kwa miguu yake kabla ya Jumapili, anabaki."

Binti akainua mabega. "Haya, baba. Akitoka."

Hadi Jumatano alasiri jukwaa lilikuwa limesimama kwenye karakana. Lilikuwa na nguzo mbili nzito, ngazi ya vidato saba, bembea, kengele, na sinia chini la kupokea uchafu, linalovutika kama droo. Juu kabisa aliweka mti wa kutulia alioukereza kwa mashine mpaka ukawa kama fimbo ya mfalme. Msasa mara sita, vanishi mara tatu. Fundi wa makochi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuja kulizunguka.

"Huyu ni kasuku au ni waziri? Nimwekee na sponji?"

"Cheka. Weka inzi hapo uone."

"Inzi sina. Nina shemeji yako, na akiliona hili atataka alale humo."

Alhamisi asubuhi Msasa alizima feni, akafunika kioo, akafunga madirisha, akafungua tundu. Meneja alikaa kitambo akiutazama mkono ulionyooshwa, kisha akapanda, kucha zikitetemeka kwenye shati. Msasa akamsogeza hadi kwenye mti wa kutulia. Meneja akashuka.

Kucha zikatafuta pa kushika, zisipate. Akayumba mbele, akayumba nyuma, akapinduka kichwa chini, akauma mti, mdomo nao ukateleza, akaanguka sakafuni kama kiatu. Hakuruka. Alitembea hadi tunduni kwa miguu, akapanda ndani, akageukia ukuta. Umeneja wote ulikuwa umebaki pale sakafuni.

Pa, pa, pa, kiganja cha mama. "Bado! Bado!"

"Najua, najua," Msasa akamwambia. "Umeogopa ataumia. Hajaumia."

Mama akafumba macho, akayaacha yamefumbwa muda mrefu.

Msasa akaamua kosa lilikuwa urefu. Alirudisha jukwaa karakana, akazikata nguzo mpaka mti ukalingana na mlango wa tundu. Na kwa kuwa msumeno ulikuwa umekwaruza vanishi hapa na pale, angewezaje kuliacha hivyo? Alipiga msasa, akapaka vanishi.

Ijumaa alasiri aliliegemeza jukwaa kwenye mlango wa tundu, akaufungua, akakaa mbali. Ilipita nusu saa. Meneja akasogea mlangoni. Akanyoosha mguu mmoja, akauweka juu ya ule mti unaong'aa, akautuliza kidogo, akautoa.

Msasa alikuwa ameuona mwendo huo mahali, na haukuwa wa ndege.

Aliinuka, akaenda kwenye korido. Akatia mkono wa kulia mfukoni. Akakunja mguu wa kulia kidogo, kama usio wake. Kisha akaegemea reli kwa mkono wa kushoto peke yake, akauachia uzito wote wa mwili. Kiganja, chenye jasho la siku nzima, kikasafiri juu ya vanishi tano kama sabuni kwenye beseni. Akajikuta amekaa sakafuni, miguu mbele, kama mtoto anayejifunza kukaa.

Kutoka kwenye kiti chake mama alikuwa anamwona.

"Inateleza," Msasa akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

"Tangu siku ya kwanza?"

Ndiyo.

"Na nilipoongeza vanishi?"

Bega la kushoto la mama likaanza kutikisika, mdomo ukavutika upande, na Msasa hakujua kama mkewe anacheka au analia. Labda hata yeye mwenyewe hakujua. Miezi yote hiyo alikuwa amekaa na jambo hilo kifuani, mumewe akimbeba na kumwambia usijali, na kila alipojaribu kulitoa lilitoka neno lile lile moja, wala hakuna aliyewahi kumuuliza.

Msasa alichukua tupa, chuma cha meno ya kukwangulia mbao, akaanza mwanzo wa reli. Mkwaruzo wa kwanza ulimuuma kama anajichanja usoni. Vanishi iliruka vipande vipande, mbao ikaonekana chini yake, nyekundu, yenye vinyweleo. Akakwaruza hadi mwisho, kisha akaizungushia kamba ya katani, mzunguko kwa mzunguko, akiikaza kwa goti. Ilikuwa kazi mbaya kuliko zote zilizowahi kutoka mikononi mwake. Ule mti wa kifalme wa jukwaa akaung'oa, akaenda nyuma ya karakana, akakata tawi la mpera lililopinda, lenye mafundo na magamba yanayobanduka, akalipigilia lilivyo.

Fundi wa makochi aliposikia nyundo alichungulia. "Msasa, unaumwa?"

"Niache."

"Hilo tawi lina gome."

"Naliona."

Jirani akatazama mikono ya mwenzake, iliyojaa nyuzi za katani, akarudi kwenye sponji zake bila mzaha mwingine.

Jumamosi mama alishika kamba, akatembea hatua nne. Ya tano ikakataa. Akabaki katikati ya korido, hawezi mbele, hawezi nyuma, jasho likimtoka kwenye paji. "Turudi?" Msasa akauliza. "Bado," mama akasema, lakini mguu ukamwishia nguvu na ikabidi abebwe. Na Meneja, mlango ukiwa wazi kutwa, hakutoka. Msasa alimwekea karanga kwenye gome, akamwekea kipande cha karatasi cha kuchanachana, akamwambia maneno ambayo hakuwahi kumwambia ndege. Meneja alichomoa unyoya mmoja, akautazama, akauachia.

Jumapili Msasa alimwacha mkewe chumbani, asije akaona sanduku. Mfugaji aliingia na binti saa nne asubuhi. Alikuwa mtu mpole, anayenukia nafaka, mwenye makovu ya midomo ya ndege kwenye vidole. Alilikagua jukwaa, akaligusa tawi.

"Nani katengeneza?"

"Mimi," Msasa akasema. "Samahani kwa tawi."

"Tawi ndilo zuri hapa. Ila hawa, akishaanguka mara moja, mzee, anakumbuka. Pengine mwezi. Pengine mwaka. Pengine ndiyo basi tena."

"Baba," binti akasema taratibu, "tulipatana."

Msasa akaisogeza karanga kwenye gome, karibu zaidi na mlango wa tundu. Mfugaji alikuwa ameinama kufungua sanduku waliposikia kiatu kikiburuzwa kwenye korido. Kishindo, mburuzo. Kishindo, mburuzo. Mama akatokea, mkono wa kushoto umeing'ang'ania kamba, vidole vimekakamaa kwenye viungo. Binti akataka kukimbia, akasita. Msasa akanyoosha mikono, asijue aifanyie nini.

Reli iliishia mlangoni pa sebule. Kutoka hapo hadi kwenye jukwaa palikuwa na hatua mbili zisizo na kitu cha kushika. Fundi wa miaka thelathini na nane hakuwa amelifikiria hilo. Mama alizitazama hatua hizo mbili, akaachia kamba. Ya kwanza alitembea. Ya pili ilikuwa kuanguka, lakini alianguka kuelekea kwenye tawi, na kiganja chake kikashika gome, na gome halikuteleza. Jukwaa lilitikisika, kengele ikalia, likasimama. Kumbe lilikuwa limejengwa kubeba waziri.

Mfugaji akamtazama mama, akautazama mkono wake. "Mama, nimchukue?"

"Bado."

Hakuna aliyejua kama ni jibu, au ni kwa sababu hana neno jingine. Mfugaji alifikiri kidogo, akafunga sanduku. "Basi, mama. Nitapita mwezi ujao nitazame kifua." Akatoka peke yake, maana binti alikuwa amekaa sakafuni, viganja vimefunika uso.

Mama hakuweza kurudi alikotoka, na kusimama hangeweza muda mrefu. Msasa alisimama nyuma yake, mikono chini ya makwapa yake, bila kumgusa, kama mtu anayesubiri tofali lidondoke. Ndani ya tundu kitu kikasogea. Meneja alikuja mlangoni, kifua kitupu kikipanda na kushuka. Akanyoosha mguu mmoja, akauweka juu ya gome, upana wa vidole viwili kutoka kwenye mkono wa mama.

Hakuutoa. Wala hakuleta wa pili.

Goti la mama likaanza kutetemeka, lakini kiganja chake nacho hakikuliachia gome.