Kamasi Iliyoniokolea Mguu

Zamani nilikuwa kuli wa bohari hapa Changamwe. Magunia mawili niliyabeba kwa bega moja huku napiga mluzi. Jioni nikenda ngumbaru, ndiyo maana haya nayaandika kwa mkono wangu.

Siku moja bati likanichana muundi. Nikafanya tufanyavyo wote: nikapasua vidonge vya rangi mbili, nikamwaga unga wake juu ya kidonda kikauke. Kikafanya gamba gumu kama ganda la kaa. Nikatembea nikiringa, kumbe chini yake naoza. Wallahi, harufu yangu ilibisha hodi kabla yangu. Paka wa jirani, mla vichwa vya samaki vya juzi, alininusa akahama mtaa.

Mke wangu Mwanasha akaniambia, "Baba Zuhura, mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na mzoga. Twende hospitali."

Daktari akalibandua gamba. Usaha ukatoka wa kijani, mzito kama uji uliolala, na ndani yake funza wakicheza. Nikatapika kwenye viatu vyake. Akakisafisha kidonda, akakipaka dawa ya utelezi, baridi, kama kamasi ya mtoto.

"Ina chembe za fedha zinazoua vijidudu," akasema.

"Fedha zangu ziko mfukoni, daktari."

"Fedha ya pete, mzee. Usiiguse. Kidonda kinataka unyevu."

Unyevu? Tangu nizaliwe naambiwa kidonda kikauke. Nyumbani nikafungua bendeji, nikaona ile kamasi imevimba, imegeuka manjano. Nikajua ni usaha. Nikaikwangua kwa kijiko, nikaanika mguu juani, nikamwaga unga wangu tena. Siku ya tatu homa, mtoki kinenani kama embe, nyama ya muundi nyeusi.

Tukarudi hospitali. Daktari akaonyesha chini ya goti. "Ile manjano haikuwa usaha, mzee, ni dawa iliyofyonza maji ya kidonda. Tutakata hapa."

Mwanasha akamshika mkono. "Nipe siku chache, mwanangu. Huyu akiigusa tena dawa yako, nitamkata mikono. Mguu utasalimika."

Daktari akakubali, kwa masharti ya kunidunga sindano kila siku. Mwanasha akanibadilishia dawa mwenyewe, pua kaifunga kwa leso. Nyama ikaota nyekundu, taratibu, hata shimo likajaa.

Namshukuru Mungu, na daktari, na mke asiyeogopa uvundo. Nawe mwenye kidonda, kisipokauka usikikaushe kwa nguvu. Kamasi ile itakutia kichefuchefu. Tapika pembeni, uiache palepale ifanye kazi.